Neno Moja, Maana Mia Nne: Kitenzi cha Kiingereza Set na Kamusi Zetu



Kuna sifa ambayo Kiingereza hupewa kila mara mazungumzo yanapofikia ukubwa wa lugha: kwamba kina neno la herufi tatu tu lenye maana zaidi ya mia nne. Neno hilo ni set. Hesabu yenyewe haikuzuka mitaani. Toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika juzuu 20, liliorodhesha maana zipatazo 430 za kitenzi hicho, na maelezo yake yakafikia takriban maneno 60,000, yaani urefu wa kitabu kizima. Wanaoitaja takwimu hii wana makundi mawili. Wapo wanaoshangilia, wakiona hapo ushahidi wa utajiri ambao lugha nyingine hazina. Wapo wanaolalamika, hasa walimu na wanafunzi, wakiona hapo vurugu: itakuwaje mtu ajifunze lugha ambayo neno moja halikubali kutulia mahali pamoja? Nadhani makundi yote mawili yanakosea jambo lile lile. Yanadhani maana hizo zimo ndani ya neno set lenyewe, zimehifadhiwa humo tangu zamani, zinangoja tu mtu wa kuzihesabu. Nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maana hizo huzaliwa pale set inapokutana na maneno mengine, na kwamba jambo hilo likikubalika, namna tunavyotunga kamusi zetu za lugha mbili haiwezi kubaki ilivyo.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayowapumbaza wengi. Kamusi ya Oxford ilitokana na mpango ulioanzishwa London mwaka 1857 na Chama cha Wanafilolojia. James Murray alipokabidhiwa uhariri mwaka 1879, malighafi yake ilikuwa vikaratasi. Wasomaji wa kujitolea walipitia vitabu vya karne nyingi, na kila walipokutana na matumizi yaliyowavutia walinakili sentensi nzima kwenye kikaratasi, wakaandika mwandishi, kitabu na mwaka, wakakituma kwa mhariri. Vikaratasi vya neno moja vilipokusanyika, mhariri alivitandaza mezani na kuvigawa mafungu kwa kufuata maana. Kazi ya kuvigawa vya set ilimwangukia Henry Bradley, mmoja wa wahariri walioungana na Murray. Chukueni vikaratasi vinne vya aina hiyo. Cha kwanza kinasema mtu ameweka kikombe mezani. Cha pili, ameegemeza ngazi ukutani. Cha tatu, jemadari ameweka mlinzi langoni. Cha nne, wafanyabiashara wameweka bei. Hayo ni mafungu mangapi? Mhariri mmoja atasema ni fungu moja, maana kote kitu kinawekwa mahali pake. Wa pili atasema ni mawili, kwa sababu bei haishikiki kwa mkono. Wa tatu atafanya manne, kwa kuwa ngazi imeegemezwa, na mlinzi amepewa amri akatii, jambo ambalo kikombe hakiwezi. Hakuna kati yao aliyekosea. Mia nne na thelathini ni idadi ya mafungu ambayo watu fulani, katika kazi fulani, waliona yafaa kutenganishwa.

Ushahidi wa hilo ni kwamba hesabu hubadilika bila lugha yenyewe kubadilika kwa kiasi hicho. Matoleo ya zamani ya kitabu cha rekodi cha Guinness yalilipa neno set matumizi 58 ya nomino, 126 ya kitenzi na 10 ya kivumishi, jumla 194. Baadaye kitabu hicho hicho kikahamia kwenye 430, kwa kufuata mgawanyo wa ndani zaidi wa kamusi ya mwaka 1989. Kisha mwaka 2011 ikatangazwa kwamba set imevuliwa taji: mhariri Peter Gilliver alikuwa amelipitia upya neno run kwa ajili ya toleo la tatu, kazi iliyomchukua takriban miezi tisa, na kitenzi hicho peke yake kikafikisha maana 645. Ni kweli kwamba zama za mitambo zimeipa run kazi mpya, kwani injini, programu za kompyuta na hata mabasi yenye ratiba vyote hutumia kitenzi hicho. Lakini wakati huo set ilikuwa bado haijapitiwa upya kwa namna ile ile. Mashindano yalikuwa kati ya neno lililopimwa kwa kipimo kipya na neno lililopimwa kwa kipimo cha zamani. Samuel Johnson alikwisha kuuona ugumu huu. Katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 alitaja vitenzi vya aina hii, set na run vikiwemo, kuwa ni vigumu kuvifuatilia, na katika kamusi yenyewe kitenzi take kilipata fasili 134. Huyo alikuwa mtu mmoja na wasaidizi wachache. Wape watu wengi zaidi, fedha zaidi na miongo zaidi, mafungu yataongezeka.

Sasa, nikisema hesabu ni ya mhariri anayekata mafungu, sisemi kwamba kinachokatwa hakipo. Kipo, na kina historia iliyo wazi. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, kitenzi hiki kilikuwa settan, kikiwa umbo la kusababisha la kitenzi sittan, yaani kuketi. Msemaji wa Kiswahili anaielewa habari hii kuliko hata Mwingereza wa leo, kwa sababu lugha yetu bado inaonyesha mashine hiyo wazi. Tunasema keti, ketisha, lala, laza, anguka, angusha. Kiingereza nacho kilikuwa na jozi kama hizo, na mabaki yake yapo katika sit na set, lie na lay, fall na fell. Kiambishi kilichofanya kazi hiyo kilikwisha kumezwa, irabu pekee zikabaki kutoa ushahidi. Kwa hiyo chini ya set kuna wazo moja sahili: kukifanya kitu kikae. Shikeni wazo hilo mkononi, kisha mtazame orodha inayowatisha wanafunzi. Kito hupachikwa kwenye pete ili kikae. Mfupa uliovunjika huungwa ukae sawa. Kuku huatamishwa mayai. Mtego hutegwa ukae tayari, saa hutegeshwa, meza huandaliwa, tarehe hupangwa, mtihani hutungwa, tanga hutwekwa, herufi za chapa hupangwa, zege hushika. Yote haya Kiingereza huyasema kwa set, na kote kitu kinafikishwa mahali au katika hali ambamo kitabaki. Hata msumeno umo: seremala akipinda meno yake, moja kulia na linalofuata kushoto, ili uwazi wa mkato uwe mpana kuliko bapa lenyewe, kwa Kiingereza kazi hiyo ni kuuset msumeno.

Na jua? Kwa nini Kiingereza kitumie neno hilo hilo kwa jua linapozama? Kwa mtu anayeitazama orodha kutoka nje, hapa ndipo penye kuonekana wazimu mtupu. Lakini sisi pia tunasema jua limetua. Ndege hutua, mchukuzi hutua mzigo, jua hutua. Kutokana na kitenzi hicho tukapata kituo cha basi, cha polisi na cha afya, tukapata kituo cha mwandishi mwishoni mwa sentensi, na kituo cha mshairi mwishoni mwa ubeti. Tukapata kutulia, kutuliza na utulivu. Hakuna Mwingereza aliyewafundisha Waswahili kwamba jua likifika upeo wa macho linapumzika, wala hakuna Mswahili aliyewafundisha Waingereza. Lugha mbili zisizo na nasaba zimepita njia moja, kutoka kwenye kukaa hadi kwenye kuchwa, kwa sababu watu wa pande zote mbili walitazama magharibi jioni. Kwangu mimi mfano huu mmoja una uzito kuliko takwimu zote za Guinness.

Nasikia tayari pingamizi la kwanza, nalo ni la haki. Mtu atasema: kama chini ya set kuna wazo moja la kuketisha, seti ya vikombe inaingiaje? Vikombe sita vyenye rangi moja havikuketishwa na mtu. Seti za hisabati je, ambazo msingi wake uliwekwa na Georg Cantor mwaka 1874? Jibu ni kwamba hapa tuna mito miwili iliyokutana. Nomino set yenye maana ya kundi ilitoka Kifaransa cha kale, sette, na nyuma yake ni neno la Kilatini secta, yaani wafuasi wa njia au imani moja. Iliingia Kiingereza katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, ikakuta nomino nyingine iliyozaliwa na kitenzi cha wenyeji, na kwa kuwa matamshi yalifanana, maji yakachanganyika kiasi kwamba katika baadhi ya matumizi haiwezekani kusema tone hili ni la mto upi. Kwa hiyo nakiri: maana nyingi za neno moja na maneno mengi yenye umbo moja ni mambo mawili, na hesabu za majivuno huyajumlisha pamoja. Sisi wenyewe tuna paa. Kuna paa la nyumba, kuna paa mnyama wa porini, kuna kupaa angani, na kuna kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Hakuna anayesema Kiswahili kina neno tajiri lenye maana nne hapo. Kamusi zetu huyapa maingizo tofauti, na zinafanya vyema.

Mfano huo wa paa unanipeleka kwenye pingamizi la pili, kwamba neno lenye kazi nyingi ni chanzo cha mkanganyiko na lugha iliyopangika ingekuwa na neno moja kwa kila jambo. Sikilizeni sentensi hizi mbili: paa limevuja, paa amekimbia. Hakuna msikilizaji aliyesita. Upatanisho wa ngeli umefanya kazi kabla hata hatujamaliza kusikia kitenzi. Kiingereza hakina ngeli, na set ni ngumu zaidi kwa kuwa haibadiliki umbo hata katika wakati uliopita. Lakini kina mpangilio wa maneno na kina majirani. Ukisikia set jirani ya zege, hakuna anayefikiria tanga. Ukisikia jirani ya mtihani, hakuna anayefikiria kuku. Mkanganyiko unaoogopwa huonekana kwenye orodha ya kamusi, pale neno lilipotengwa na wenzake. Katika sentensi haupo. Isitoshe, lugha yenye neno jipya kwa kila tendo ingetuelemea. Katika miaka ya 1940 George Kingsley Zipf, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwamba kwa kawaida maneno yanayotumika mara nyingi zaidi ndiyo yenye maana nyingi zaidi. Neno lililo karibu na mkono ndilo linalopewa kazi inayojitokeza, na kila kazi mpya humzoeza msikilizaji kutazama majirani.

Pingamizi la tatu hutoka kwetu wenyewe, na hunisikitisha kwa sababu hubeba unyonge usio na msingi. Husemwa kwamba hata tukikubali yote hayo, Kiingereza bado kimetuzidi, maana sisi hatuna neno la kushindana na set. Mwenye kusema hivyo hajamfundisha mgeni Kiswahili. Mpeni mgeni kitenzi tega. Tunatega mtego, tunatega sikio, tunatega kitendawili, na mfanyakazi anayekwepa wajibu wake tunasema anatega. Kiingereza huhitaji vitenzi vinne kwa mambo hayo manne, na set itafaa kwa mtego peke yake. Kisha mpeni piga. Tunapiga pasi, simu, picha, kura, magoti, mbizi, hodi, deki, chapa, mnada, miayo, chafya, kambi, hatua na marufuku. Anayeshika piga kwa maana ya kuchapa kwa fimbo ataamini sisi ni watu wakali sana wakati wa uchaguzi. Lakini mtoto wa miaka minne Morogoro au Malindi hana taabu yoyote hapo, na sababu ni kwamba hakuna mtu aliyemfundisha piga peke yake. Alisikia piga pasi nguo zikinyooshwa, akasikia piga hodi mgeni akiwa mlangoni. Maana ilimfikia katika jozi. Kilichopungua kwetu ni miaka, fedha na wasomaji wa kutandaza vikaratasi mezani. Lugha haijapungukiwa.

Hapa ndipo hoja inapofika mahali pake pagumu, na naomba tukae hapo kidogo. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alisisitiza, katika maandishi yaliyotoka mwaka 1957, kwamba neno hujulikana kwa wale linaoandamana nao. Miaka thelathini baadaye John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliipima kauli ya namna hiyo kwa kompyuta. Walikusanya mamilioni ya maneno ya Kiingereza kilichotumika kweli, wakayatumia kutunga kamusi ya wanafunzi iitwayo COBUILD, iliyochapishwa mwaka 1987. Miongoni mwa mambo aliyoyaona Sinclair ni tabia ya set inapofuatwa na in, kwa maana ya jambo kuanza na kukita mizizi. Kamusi za awali zilikuwa zimeeleza kwamba maana ni kuanza, basi. Lakini mistari ilipopangwa mmoja chini ya mwingine, majirani wa kitenzi hicho walikuwa uozo, kukata tamaa, uchakavu, maambukizi, hali mbaya ya hewa. Mambo yanayoanza kwa set in kwa kawaida ni yale ambayo hakuna anayeyataka. Wasemaji wote wa Kiingereza walilifuata jambo hilo, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa. Maana hiyo ya ubaya haimo katika set wala katika in. Imo katika ushirika wao wa muda mrefu na wenzao.

Kiswahili kina ushirika wa aina hiyo hiyo, na tunautumia kila siku. Angalieni pata na patwa na. Mtu hupata kazi, hupata mtoto, hupata homa, hupata hasara. Kitenzi hakina upande. Lakini tukikigeuza kuwa patwa na, mtu hupatwa na msiba, na ajali, na kichaa, na mshtuko, na janga. Hakuna anayesema jirani amepatwa na zawadi au dada amepatwa na mchumba, isipokuwa anataka tujue kwamba mchumba huyo ni balaa. Hata jua na mwezi vikifunikwa tunasema vimepatwa, na neno hilo limebeba hofu ambayo watu walikuwa nayo juu ya tukio lile. Ukifuata sarufi peke yake, patwa ni kutendwa kwa pata na habari imeishia hapo. Mgeni aliyeisoma sarufi hiyo atatuandikia barua ya shukrani akisema amepatwa na furaha kubwa, nasi tutatabasamu tusijue la kumweleza, kwa sababu kosa lake halimo katika kanuni yoyote aliyofundishwa.

Geuzeni sasa mambo, mumtazame mwanafunzi wa Tanzania anayetoka darasa la saba, ambako amesoma kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza ambako vitabu ni vya Kiingereza. Maabarani anaambiwa aset vifaa vya jaribio. Katika hisabati anakutana na sets. Katika jiografia linakuja jua. Kule Kenya mwenzake ana vitabu teule vya fasihi ambavyo kwa Kiingereza navyo vinaitwa kwa neno hilo hilo. Anafungua kamusi ya lugha mbili anakuta weka, panga, tega, tua, ganda, seti, zimetenganishwa kwa mkato au nambari. Kila kisawe ni sahihi, na orodha nzima haimsaidii, kwa kuwa haimwambii ni jirani yupi anayeita kisawe kipi. Sizidharau kazi za waliotutangulia. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1996 zimewalea wasomaji wa vizazi kadhaa. Ninachosema ni kwamba mfano halisi wa neno na wenzake unapaswa kuwa moyo wa ingizo, na kisawe kifuate: kwanza zege, kisha shika, kwanza mfupa, kisha unga, kwanza mtihani, kisha tunga.

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na muda mchache atanipinga kwamba huo ni mzigo, na kwamba set ni weka inatosha kuanzia. Inatosha kuanzia, nakubali. Haitoshi kuishia, na kwa bahati mbaya wengi huishia hapo. Muda anaouhitaji ni mdogo kuliko anavyodhani, kwa sababu akili ya mwanafunzi inayajua tayari mambo haya. Vijana wetu wamekwisha kulichukua neno lenyewe wakaliingiza katika Kiswahili cha mitaani, kuseti, nao hawakubeba maana mia nne. Fundi wa simu huseti intaneti, mtu huseti alamu ya saa kumi na moja alfajiri. Hakuna anayeseti mfupa, hakuna anayeseti zege, na jua letu bado linatua. Walilipokea neno pamoja na majirani lililokuja nao, yaani simu na mitambo, wakawaacha wengine huko huko lilikotoka.

Na data za kutungia kamusi za namna hiyo kwa upande wetu zipo. Kopasi, yaani mkusanyo wa matini, ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Helsinki, katika toleo lake la pili, ina maneno yapatayo milioni 25, mengi yakitoka magazetini na vitabuni. Mwanafunzi wa shahada anayetafuta mada angeweza kuanza na weka na tia, vitenzi viwili ambavyo kamusi huvifasili kimoja kwa kingine. Tunatia chumvi, na nyumba tunaitia moto, hatuiweki moto. Tunaweka akiba, tunaweka nadhiri, tunaweka rehani. Tunatia aibu, tunatia shaka, tunatia moyo, tunatia nanga. Saini inakubali vyote viwili. Sijaona bado maelezo yanayoniridhisha kwa nini saini ikubali na nadhiri ikatae.